Neema Isiyo na "Lakini"

Kazi yangu hapa Kisumu ni kuwafundisha wainjilisti wa Kilutheri mafundisho ya imani, na kila darasa jipya huja na swali lile lile: "Mwalimu, tukihubiri neema tupu, vijana si wataharibika?" Ni swali la haki. Anayeliuliza ana usharika wenye watu halisi: kijana wa bodaboda asiyelala nyumbani, akina mama wawili waliofikishana kwa chifu kwa ajili ya mpaka, mzee anayekunywa chang'aa Jumamosi na kusoma somo Jumapili. Anaogopa kwamba akilegeza kidogo tu, hatabaki na mtu.

Jibu langu huwa haliwafurahishi. Usipunguze sheria, yaani yale Mungu anayotuamuru, ili neema ipate nafasi, wala usipunguze neema ili maadili yasimame. Si uji huu, kwamba unamimina wa moto kwenye wa baridi hadi unyweke. Sheria iliyopozwa humfanya mtu ajione si mbaya sana, na injili iliyopozwa humwacha hajui kama amesamehewa au bado anachunguzwa. Kule Heidelberg, Ujerumani, mwaka 1518 Martin Luther, ambaye kanisa letu lina jina lake, aliliweka waziwazi: sheria husema fanya hili, nalo halifanyiki kamwe, neema husema umwamini huyu, yaani Kristo, na yote yamekwisha kufanyika.

Swali la kujiuliza basi, ili ujue aambiwe lipi kati ya hayo mawili, ni nani aliyeketi mbele yako. Mtazame nabii Nathani. Daudi amemchukua mke wa Uria, amemuua Uria, na anaendelea kuamua kesi za watu kana kwamba hakuna kitu. Nathani hamfariji. Anamsimulia habari za maskini na mwana-kondoo wake, anamwacha mfalme awake hasira kwa ajili ya mtu mwingine, kisha: "Wewe ndiwe mtu huyo." Daudi anapokiri, jibu linakuja katika aya ile ile, 2 Samweli 12:13: BWANA ameiondoa dhambi yako, hutakufa. Hakuna kipindi cha majaribio hapo. Yaliyofuata nyumbani kwa Daudi yalikuwa machungu, mtoto alikufa, lakini hayakuwa malipo ya msamaha. Msamaha ulikuwa umekwisha kutolewa.

Ninapowasikiliza wanafunzi wakihubiri, mahali wanapojikwaa ni dakika za mwisho. Wamemweleza Kristo vizuri kabisa, kisha linatoka: "Amekusamehe, lakini hakikisha..." Aliyekuja amevunjika moyo huondoka na hiyo "hakikisha", yale mengine yote yakabaki kanisani. Kosa la upande wa pili hulisikia zaidi matangani. Marehemu alinyang'anya wajane ardhi, kila mtu chini ya lile turubai anajua, warithi wake bado wanailima, na mhubiri anawamwagia faraja kwa sababu ndio walionunua ng'ombe. Hao walihitaji Nathani. Na ile inayoitwa injili ya mafanikio, panda mbegu ndipo ubarikiwe, mimi naihesabu kuwa sheria tupu iliyovaa kanzu ya injili: fanya kwanza, upewe baadaye.

Huku kwetu jambo hili lina historia yake. Uamsho wa Afrika Mashariki, lile vuguvugu la toba makanisani, ulipofika Nyanza mwishoni mwa miaka ya 1930, watu waliungama hadharani, wakarudisha walivyoiba, wakapatana na maadui zao. Hakuna sheria ya kanisa iliyowahi kuzaa tunda kama lile. Ila ushuhuda nao ukaanza kugeuka kipimo: asiyesimama kuungama kama sisi hajaokoka. Mwaka 1957 kundi la Johera, likiongozwa na Matthew Ajuoga, lilijitenga na Waanglikana. Sababu zilikuwa kadhaa, na mvutano na wanauamsho ulikuwa mojawapo.

Kuna wanaojaribu kulimaliza tatizo kwa kuiondoa sheria kanisani kabisa. Yohane Agricola alijaribu hivyo enzi za Luther, na Luther mwenyewe ndiye aliyempinga. Mwaka 1577 Walutheri waliandika kwamba hata aliyezaliwa mara ya pili bado anaihitaji, kwa kuwa mtu wa kale, yaani ile asili yake ya dhambi, hajafa ndani yake. Yohane Calvin, mwanamatengenezo mwingine wa karne ile, alikwenda mbele zaidi, akasema kumwongoza mwamini ndiyo kazi kuu ya sheria. Sisi na wafuasi wake tunatofautiana katika mkazo tu. Sote twajua kwamba Kutoka 20, penye Amri Kumi, haianzi na "usi-". Inaanza na Mungu aliyekwisha kuwatoa watu wake Misri.

Haya yote hupimwa kwenye kikao cha wazee. Binti wa kwaya amepata mimba. Jina lake linasomwa kwenye matangazo, anavuliwa joho, anakaa benchi la nyuma karibu na mlango na kunyimwa Meza ya Bwana. Mvulana mwenyewe, ambaye wazee wanamjua, anapiga kinanda. Mhazini ambaye fedha za harambee ya mabati zimepotelea mikononi mwake anakaa mbele, na hukaribishwa kufunga kwa sala. Sheria inayowauma tu wale ambao tumbo limewatoa hadharani si sheria ya Mungu. Na huyo binti akija analia, huambiwa angoje hadi ajifungue, ndipo waone. Nathani hakungoja.

Kwa hiyo wazee wakiniuliza, huwaambia binti aondolewe dhambi siku anapokiri, na kama jina lake lilitangazwa, msamaha wake nao utangazwe kwa sauti ile ile. Mvulana aitwe.

Kuhusu mhazini hubishana sana: alipe kwanza ndipo asamehewe? Kwa Zakayo, Yesu aliingia nyumbani kabla hajarudishiwa mtu hata senti, na ahadi ya kulipa mara nne ikatoka kinywani mwa mwenye nyumba mwenyewe. Akikiri, mhazini asamehewe bila masharti. Lakini kitabu cha risiti na funguo za sanduku avikabidhi siku hiyo hiyo, kwa maana fedha ni za watu na sheria ipo pia kwa ajili ya kumlinda jirani, na deni aandikishiane na usharika, kiasi na tarehe, mashahidi wakiwepo.