Kanuni za Kimataifa na Sera ya Taifa ya Nishati Jadidifu

Mkataba wa Paris wa mabadiliko ya tabianchi, uliopitishwa Desemba 2015 na kuanza kutumika mwezi Novemba 2016, hauilazimishi nchi yoyote kujenga hata mtambo mmoja wa umeme wa jua au wa upepo. Unacholazimisha ni utaratibu: kila nchi mwanachama iwasilishe mchango wake wa kupunguza gesijoto kila baada ya miaka 5, na mchango mpya uwe na hatua zaidi kuliko uliotangulia. Wapo wanaouona huo kuwa udhaifu. Kwa maoni yangu nguvu ya mkataba iko hapo hapo, kwa sababu ratiba hiyo huzilazimu wizara ya nishati, hazina na waendeshaji wa gridi kukaa pamoja na kukubaliana juu ya takwimu ambazo baadaye bunge, wakopeshaji na wananchi wataweza kuzidai.

Umoja wa Ulaya ulikwenda mbali zaidi. Agizo lake la mwaka 2009 liliipa kila nchi mwanachama kiwango cha lazima cha nishati jadidifu (kama ya jua, upepo na maji) katika matumizi yake ya nishati kufikia 2020, kuanzia asilimia 10 kwa Malta hadi asilimia 49 kwa Sweden, ili Umoja mzima ufikie asilimia 20. Lengo la pamoja lilivukwa, ingawa Ufaransa haikufikia kiwango chake.

Jambo lisilozungumzwa vya kutosha ni kwamba kanuni hizi hugongana. Jimbo la Ontario, nchini Kanada, liliwaahidi wazalishaji bei nzuri ya umeme jadidifu kwa masharti kwamba sehemu ya vifaa itengenezwe humo humo; mwaka 2013 Shirika la Biashara Duniani liliamua kwamba sharti hilo linakiuka kanuni za biashara, na mpango wa umeme wa jua wa India ulipata uamuzi kama huo mwaka 2016. Uchungu wake ni kwamba ahadi ya ajira za viwandani ndiyo mara nyingi huwafanya wapiga kura waikubali sera yenyewe. Kwa hiyo mwandishi wa sera anayesoma mikataba ya tabianchi pekee, bila ile ya biashara na uwekezaji, huandika sheria itakayorudishwa mezani.

Huko Dubai, katika mkutano wa tabianchi wa Umoja wa Mataifa wa Desemba 2023, mataifa yalikubaliana kuchangia juhudi za kuongeza uwezo wa nishati jadidifu duniani mara tatu ifikapo 2030, bila kutaja fungu la kila nchi. Fungu hilo hupangwa katika mipango ya kitaifa, ambako riba ya mikopo na uwezo wa gridi huamua mitambo mingapi itajengwa.