Piriton haikaushi kinywa kwa kuzuia histamini

Wengi huamini kwamba vidonge vya mzio kama Piriton (klorofeniramini) hukausha kinywa kwa sababu vinazuia histamini (kemikali ya mwili inayoleta dalili za mzio), na kwamba ukavu huo ni dalili dawa imeshika. Sivyo.

Amri kuu ya kutoa mate ni ya asetilikolini, kemikali ya kupeleka ujumbe wa neva. Neva huimwaga, nayo hushika kipokezi cha M3 kwenye seli ya tezi ya mate. Ndani ya seli hutengenezwa IP3, molekuli ya kupeleka ujumbe, ambayo hufungulia kalsiamu iliyohifadhiwa. Kalsiamu ikipanda, milango ya kloridi hufunguka. Kloridi hutoka, sodiamu huifuata, maji huvutwa nyuma yao. Mtu mzima hupata hivyo takriban lita 0.5 hadi 1.5 za mate kwa siku.

Seli hizo zina vipokezi vya histamini pia, H1, navyo vinaweza kupandisha kalsiamu, ila mchango wake ni mdogo. Shida ni kwamba klorofeniramini na promethazini (dawa nyingine ya mzio) hazichagui: zinaziba H1, zinaziba na M3. Ndiyo maana huleta pia choo kigumu na, kwa mzee mwenye tezi dume iliyovimba, mkojo kugoma kutoka.

Dawa za mzio setirizini na loratadini haziigusi sana M3, hivyo hutuliza mafua ya mzio na mate yakaendelea kutoka. Ukitumia amitriptilini (dawa ya sonona na maumivu ya neva), mwambie mfamasia kabla ya kununua Piriton, maana zote mbili huziba M3. Kinywa kikikauka, tafuna bazoka isiyo na sukari. Pipi za kawaida ziache: bila mate ya kuosha asidi, meno huoza haraka.