Je, wajua kwa nini kijiko cha jikoni si kipimo cha dawa?

Chukua chupa ya dawa ya maji ya paracetamol, ile ya watoto, uisome ubavuni. Mara nyingi utakuta imeandikwa 120 mg/5 ml. Wengi wetu tunaiona hiyo 5 ml tu, kisha huyoo jikoni kutafuta kijiko.

Namba hizo mbili hazisemi kitu kimoja. Miligramu ni dawa yenyewe. Mililita ni maji yaliyoibeba. Ni kama sukari kwenye chai: kikombe umekimaliza, lakini sukari uliyokunywa anaijua aliyeitia.

Mtoto hupimiwa dawa kwa uzito wake. Kwa paracetamol, dozi moja huwa miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo. (Dozi ya mwanao muulize mfamasia, hapa tunafuata hesabu tu.) Mtoto wa kilo 8, tukishika 15, atahitaji miligramu 120. Kwa chupa yetu hiyo ni mililita 5 kamili.

Sasa ipo chupa nyingine, ndogo, yenye kidondoshi. Hayo ni matone, na baadhi yake huwa na miligramu 100 ndani ya mililita 1 tu. Dawa ile ile, mtoto yule yule, miligramu zile zile 120, ila safari hii ni mililita 1.2. Mama aliyezoea "tano" akimimina tano za matone, amempa mtoto miligramu 500, yaani kidonge kizima cha mtu mzima. Kwangu mimi hapa ndipo penye hatari kubwa kuliko kwenye kijiko, maana aliyekosea anaapa kabisa kwamba amepima, na kweli amepima.

Kijiko nacho kina yake. Katika famasia, kijiko cha chai ni mililita 5 na cha chakula ni 15. Vya kabatini havijui habari hiyo. Watafiti wa Ugiriki walipima vijiko vya chai 71 vya majumbani, na matokeo yao ya mwaka 2010 yalionyesha kidogo kabisa kikibeba mililita 2.5 na kikubwa 7.3. Kwa chupa yetu ya kwanza, huyu angepata miligramu 60, yule 175. Kwa hiyo kile kikombe cha plastiki cha kwenye boksi, au bomba lisilo na sindano, usikitupe.

Na hesabu ya mwisho, ya amoksilini ya unga. Unatia maji hadi kwenye alama, unapata mililita 100. Ukiandikiwa mililita 5 kutwa mara tatu kwa siku saba, ni 5 × 3 × 7, sawa na 105. Chupa inakauka ikiwa imebaki dozi moja. Mfamasia akikupa chupa mbili, hajakuuzia ya ziada.