Nyumba nafuu huanzia kwenye kanuni za kiwanja

Kila rasimu ya kanuni za ujenzi inapotangazwa ili wananchi watoe maoni, idara ya mipango miji hupokea barua za aina mbili. Ya kwanza inalalamika kwamba kodi ya pango imepanda kupita kipato na inataka jiji lichukue hatua. Ya pili inapinga jengo la ghorofa nne lililoombewa kibali mtaani. Mara nyingi zote mbili zimetoka mtaa mmoja. Hakuna anayeandika kwa nia mbaya, hilo nalijua, lakini maombi hayo mawili hayawezi kukubaliwa kwa pamoja. Ni vema hilo lieleweke kabla muda wa maoni haujafungwa.

Wengi huamini kuwa jiji likitaka nyumba za bei nafuu ni lazima lizijenge lenyewe. Kujenga ni njia mojawapo, na nitaifikia. Chombo ambacho kila jiji linacho tayari ni kanuni zake: kiwanja kisipungue ukubwa gani, kibebe nyumba ngapi, jengo lifike kimo gani, liache mita ngapi mpakani, litenge maegesho mangapi. Kila sharti lina gharama, na anayeibeba mwishoni ni mpangaji.

Tuchukue maegesho. Mtu ana kiwanja cha mita za mraba 600 na anataka kujenga nyumba nane za vyumba viwili viwili. Kanuni inamtaka atenge nafasi mbili za magari kwa kila nyumba. Nafasi moja, ukiijumlisha na njia ya kuingilia na kugeuzia, huchukua takriban mita za mraba 25. Nafasi 16 ni mita za mraba 400. Theluthi mbili ya kiwanja imeshakwenda kwa magari kabla msanifu hajachora hata ngazi. Atarudi na mchoro wa nyumba nne, au atapeleka magari chini ya ardhi, na uchimbaji huo utaingia kwenye kodi ya kila mwezi, hata kwa mpangaji asiyemiliki baiskeli. Buffalo, nchini Marekani, iliondoa sharti hili kwa jiji zima mwaka 2017, na Minneapolis ikafanya hivyo mwaka 2021. Kuondoa sharti si kukataza maegesho. Nalirudia hili kwa sababu kila mkutano wa hadhara huwa na mtu anayesimama kusema jiji linapiga vita magari. Hapana. Mjenzi anaachiwa kupima mwenyewe wateja wake wanahitaji nafasi ngapi.

Ukubwa wa kiwanja nao una uzito uleule. Mwaka 1998 Houston, nayo ya Marekani, ilishusha kiwango cha chini katika maeneo ya ndani ya jiji kutoka takriban mita za mraba 465 hadi 130, na palipokuwa na nyumba moja pakaanza kujengwa tatu zilizoshikana. Auckland, New Zealand, ilikwenda mbali zaidi: mpango wake wa mwaka 2016 uliruhusu ujenzi mwingi zaidi kwenye takriban robo tatu ya ardhi ya makazi, na vibali vya nyumba vikaongezeka sana miaka iliyofuata.

Hapo ndipo huja hoja kwamba majengo mapya ni ya wenye fedha. Ni kweli kwamba nyumba mpya mara nyingi si za bei rahisi. Lakini mwenye fedha akikosa nyumba mpya hahami jiji. Huhamia kwenye ile ya zamani, anaongeza dau, na aliyekuwa akiimudu anasukumwa pembezoni.

Kugandisha kodi ya pango kwa amri? Berlin ilijaribu mwaka 2020. Waliokuwa ndani walipata nafuu, lakini nyumba zilizotangazwa kupangishwa zikapungua, na Aprili 2021 mahakama ya katiba ya Ujerumani ikaitengua sheria hiyo.

Kuna pia kumtaka mjenzi atenge sehemu ya mradi kwa bei nafuu. Kaunti ya Montgomery, jimbo la Maryland nchini Marekani, imefanya hivyo tangu 1974, na humfidia mjenzi kwa kumruhusu nyumba nyingi kuliko kawaida. Bila fidia ya namna hiyo, mradi huishia kwenye jalada. Masharti yaandikwe kwenye hati ya ardhi, si kwenye barua ya ahadi, ili yamfuate hata atakayeuziwa. Ukaguzi ufanyike katika hatua ya msingi, ya kupaua na ya kumalizia. Ruhusa ya kuhamia kwenye nyumba za bei ya soko isitolewe hadi zile nafuu zikamilike. Adhabu nazo ziwe wazi mapema: notisi ya maandishi, muda wa kurekebisha, faini inayoongezeka kila siku, kisha zuio kwenye hati. Mnunuzi naye ana wajibu. Nchini Singapore, mwenye nyumba iliyojengwa na bodi ya umma ya makazi kwa kawaida huishi humo angalau miaka mitano kabla ya kuiuza au kuipangisha yote. Akikiuka anaweza kunyang'anywa nyumba yenyewe. Nyumba nafuu isiyolindwa hivi huwa mtaji wa mtu mmoja.

Sasa kujenga. Vienna, mji mkuu wa Austria, inamiliki takriban nyumba 220,000, kwa sababu ilianza kujenga karne iliyopita na haikuziuza. Jiji lisilo na fedha za kujenga bado lina ardhi, na kuikodisha kwa muda mrefu chini ya masharti ya bei ni bora kuliko kuiuza kwa mnada mmoja.

Siwezi kuahidi, kwa niaba ya idara yoyote, kwamba kodi itashuka lini au kwa kiasi gani. Ninachoomba ni maoni yanayoweza kufanyiwa kazi. Taja namba ya kifungu, taja kiwanja au mtaa, eleza athari unayoiona: mfereji wa maji ya mvua usiotosha, shule iliyojaa, mwanga unaozibwa. Mfereji unaweza kupanuliwa, jengo linaweza kusogezwa mita mbili. Barua inayosema tu kwamba wapangaji wataharibu hadhi ya mtaa hupokelewa, husajiliwa na kuwekwa kwenye jalada, lakini hakuna kifungu kinachomruhusu ofisa kumnyima mtu kibali kwa sababu hiyo.