Setilaiti Haimwoni Mwanao: Dhana Potofu Kuhusu GPS ya Dereva Kijana

"Fundi, nifungie hii GPS, nikiwa nyumbani niwe namwona anakopita." Maneno hayo nimeyasikia tena juzi kutoka kwa baba mmoja aliyekuja na binti yake mwenye leseni mpya. Nimeyasikia mara nyingi mno. Mkononi alishika kifaa cha kuongoza njia, kile cha kubandika kwenye kioo cha mbele, bado kiko ndani ya boksi na ameshakilipia. Ikabidi nimwambie kwamba kifaa ni kizuri na binti kitamfaa, ila yeye kule nyumbani hakitamwonyesha chochote.

Katika dhana zote potofu ninazokutana nazo, hii ndiyo inayoniumiza. Mzazi anayeiamini hulala usingizi akidhani kuna jicho juu ya gari. Basi hazungumzi na mwanawe juu ya kuendesha usiku, wala uchovu, wala marafiki wa kiti cha nyuma wanaomchochea akanyage mafuta. Amenunua kifaa, anaona kazi imekwisha.

Setilaiti za GPS zinazunguka dunia kwenye kimo cha kilomita 20,200 hivi. Kila moja imebeba saa za atomiki, na kwa upande wa dereva kazi yake ni kutangaza tu: mimi ni setilaiti fulani, niko mahali fulani, na saa yangu inasema hivi. Kifaa kilichomo garini husikiliza tangazo hilo na kupima limechukua muda gani kufika. Muda wenyewe ni mdogo, kama sehemu 0.07 ya sekunde, na hesabu ikikosea kwa sekunde moja ya milioni tu, umbali unakosewa kwa mita 300. Ndiyo maana kifaa kinahitaji angalau setilaiti 4: tatu hazitoshi, kwa kuwa saa ya kifaa chenyewe nayo lazima isahihishwe. Hesabu yote inafanyika humo humo garini. Huko juu hakuna anayejua kama kuna gari, wala kama ndani yake yumo binti yako. Ukifungulia redio, mtangazaji hajui kama unamsikiliza ukiwa jikoni au kitandani. Hapa ni hivyo hivyo.

Wapo wanaonijibu kwamba labda GPS ya Marekani ndiyo iko hivyo, lakini hizi mpya zinaona. Hapana. GLONASS ya Urusi, Galileo ya Ulaya na BeiDou ya China zinampa dereva mahali alipo kwa njia ile ile ya kupokea matangazo. Kifaa kinachopokea mifumo miwili au zaidi nakisifia, kwa sababu katikati ya majengo marefu kinakuwa na setilaiti nyingi zaidi za kutegemea. Kuona hakumo.

Mkanganyiko umeletwa na simu. Ukimtumia ndugu yako mahali ulipo, simu inafanya kazi mbili tofauti: kwanza inapokea kutoka kwenye setilaiti, kisha inatuma kwa mtandao wa simu, kwa laini yako na kwa bando lako. Watu wanaona matokeo, wanadhani yote yamefanywa na setilaiti.

Yule baba hakuniamini mara moja. Nikakitoa kifaa kwenye boksi nikampa. "Mzee wangu, nitafutie mahali pa kuweka laini." Akakigeuza, akakipapasa pembeni zote. Akakuta tundu la waya wa chaji na kijitundu cha memori kadi, basi. Kifaa kisicho na laini na kisichounganishwa na simu kina masikio, hakina mdomo. Vipo vyenye laini ndani, na vipo vinavyoungana na simu kwa blututhi ili vipate habari za foleni. Hivyo navyo kazi yao ni kumletea dereva habari. Kama mtengenezaji hakuandika waziwazi kwamba mtu mwingine anaweza kulifuatilia gari, chukulia kwamba hawezi.

Anachokitaka mzazi wa namna hii ni traka, na traka ni kitu kingine kabisa: kiboksi kidogo kinachofungwa chini ya dashibodi, kinakula umeme wa betri ya gari, kina laini yake, na laini hiyo isipokuwa na data kinanyamaza. Hata hicho si jicho. Mahali pasipo na mtandao hakitumi kitu. Vingi huhifadhi taarifa na kuzituma mtandao ukirudi. Mama mmoja alinipigia usiku akilia, nukta ya gari la mwanawe imesimama katikati ya pori. Nikamwomba asome saa iliyoandikwa chini ya ile nukta. Ilikuwa ya saa nzima iliyopita. Mtandao ulikatika pale, kijana aliendelea na safari, na tulipokuwa bado tunaongea akabisha hodi mlangoni. Ukiangalia traka, soma saa kwanza, ndipo uangalie ramani.

Na jambo moja nalisisitiza hata nikionekana mkaidi: traka ya siri kwenye gari la kijana mwenye leseni yake mimi sifungi. Mwambie ipo, mwonyeshe ilipo. Akija kuigundua mwenyewe, ataing'oa, na siku akipata shida barabarani wewe hutakuwa mtu wa kwanza kumpigia.

Sasa turudi kwenye kifaa cha kuongoza njia na dhana zake nyingine. "Bila bando haifanyi kazi." Inafanya. Matangazo ya setilaiti ni ya bure, na kifaa cha kuongoza njia kina ramani yake ndani. Hata simu itakuongoza bila intaneti kama ulipakua ramani ya eneo hilo kabla ya kuondoka. Unachokosa ni habari za foleni na za barabara iliyofungwa leo. Kwa hiyo angalia kama ramani inasasishwa na kwa muda gani, maana ramani ya zamani itampeleka kijana kwenye njia iliyokwisha kugeuzwa kuwa ya upande mmoja.

"Kimechelewa kushika, ni kibovu." Kila wiki narudishiwa kifaa kizima kwa sababu hii. Kikitoka kwenye boksi hakijui setilaiti ziko wapi. Orodha kamili ya setilaiti zote hutangazwa kwa dakika 12 na nusu, na vifaa vingi havihitaji kuimaliza yote, lakini ndani ya gereji lenye paa la bati hata saa nzima haitasaidia. Peleka gari uwanjani, lizime, ngoja. Kama kioo cha mbele kina utando wa chuma wa kuzuia joto, nao unaweza kudhoofisha mawimbi.

"Spidi yake haiendani na ya dashibodi." Na isiendane. Kanuni za Umoja wa Mataifa zinazofuatwa na nchi nyingi zinataka spidimita isionyeshe kamwe spidi iliyo chini ya ile halisi, kwa hiyo watengenezaji huitega isome juu kidogo. Spidi ya GPS kwenye barabara iliyonyooka iko karibu zaidi na ukweli, ila huchelewa unapofunga breki au unapoongeza mwendo. Vijana wakigundua hili wanalifanya ruhusa ya kuongeza. Afuate dashibodi. Na kile kibao cha mwendo kinachotokea kwenye skrini kimetoka kwenye ramani. Kibao cha barabarani kikisema vingine, cha barabarani ndicho sheria.

Inayofuata inanikera karibu sawa na ile ya kwanza: "Kinaongea, kwa hiyo macho hayatoki barabarani." Yanatoka. Sauti ikisema "baada ya mita 200 pinda kulia" na mbele kuna njia mbili za kulia zinazofuatana, dereva mgeni hutazama skrini kila mara. Kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa gari linakwenda mita 22 kila sekunde, kwa hiyo kutupia jicho kwa sekunde 2 ni kwenda mita 44 bila kuona. Mwaka 2013 mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani ilitoa mwongozo kwa watengenezaji: kazi yoyote ya kwenye skrini isimtake dereva atazame kwa zaidi ya sekunde 2 kwa mara moja, wala zaidi ya sekunde 12 kwa jumla. Kuandika anwani huku gari linatembea hakuwezi kuingia humo. Aandike gari likiwa limesimama, hendibreki juu. Akipotea, apotee, atafute mahali pa kuegesha, ndipo arekebishe.

Kwa sababu hiyo hiyo simshauri mtu achukue skrini kubwa kuliko zote. Ya inchi 5 au 6 inatosha, na haimzibii kijana mtu anayevuka. Ikae chini kwenye kioo, nje ya njia ya mfuko wa hewa, kwa kuwa mfuko huo ukilipuka chochote kilicho mbele yake kinageuka kombora. Waya upite pembeni, usining'inie karibu na pedali. Usiku skrini iwe ya rangi nyeusi na mwanga upunguzwe, la sivyo macho yanazoea mwanga wa ndani na giza la nje linazidi.

Kabla hujalipa, washa kifaa umpe kijana mwenyewe. Aandike jina la mahali anapopajua, wewe ukitazama bila kumsaidia. Akikwama kwenye herufi ya tatu, omba wakuletee kingine.