Zulia la maumbile ni zulia gani?

Mtu wa Unguja au Pemba akitajiwa zulia, aghalabu hulikumbuka lile la kiwandani linalokatwa kwa mita, ambalo ua lake moja hurudiwa kutoka ukuta hadi ukuta. Zulia la maumbile ni jengine kabisa. Hutengenezwa kwa mkono kufuata mchoro wa msanii, na umbo lake lote, yaani kingo, kimo cha nyuzi na mpito wa rangi, huchukuliwa katika kitu cha asili kama vile jani, wimbi au tumbawe. Kutia ua katikati ya mstatili hakutoshi kulipa jina hilo, ingawa wauzaji hawana choyo nalo.

Mkeka wetu husaidia kulieleza jambo hili. Msukaji husuka kwanza ukili mrefu wa ukindu, kisha akaushona ubavu kwa ubavu hadi upana utimie; na kwa kuwa chane hupishana kwa mshazari, nakshi huja kwa pembe na ngazi, na mviringo hauingii kwa urahisi. Zulia la mafundo halina sharti hilo. Mtande, yaani nyuzi za urefu, huwambwa kwenye kitanda cha mfumi, na fundi hufunga mafundo ya sufu au hariri, kila fundo juu ya nyuzi mbili za mtande, safu baada ya safu, akipitisha mshindio, yaani uzi wa kukingama, na kuushindilia kwa chanuo. Kila fundo ni punje ya rangi inayojitegemea, hivyo mafundo yakiwa madogo na mengi, mpindo wa jani huonekana laini. Ufundi huu ni mkongwe: zulia la Pazyryk, lililofukuliwa katika milima ya Altai huko Siberia mwaka 1949 na lenye umri unaozidi miaka 2,200, lina mafundo yapatayo 360,000 kwa kila mita ya mraba, na ndani yake wamo kulungu na wapanda farasi.

Njia nyengine ni ya kupachika, ambapo nyuzi husukumwa kwa chombo mfano wa bastola kupitia kitambaa kilichowambwa, kisha mgongo hupakwa gundi. Ni ya haraka na huruhusu ukingo wowote, ila gundi huweza kuchakaa kabla ya sufu. Alexandra Kehayoglou wa Argentina huitumia kutengeneza mazulia yanayofanana na malisho, kwa mabaki ya sufu ya kiwanda cha familia yake, nyuzi zikiwa na vimo tofauti kama majani yenyewe. Kwa aliyezoea kutembea mwambani maji yakikupwa, pengine mfano wa karibu zaidi ni kazi za Vanessa Barragão wa Ureno, ambaye huunda matumbawe kwa mabaki ya nyuzi za viwandani.

Mnunuzi anayetaka kuzitambua njia hizi mbili na aligeuze zulia: la mafundo huonyesha nakshi mgongoni kama ilivyo usoni, na la kupachika kwa kawaida hufunikwa kitambaa.