Eti kishoka kidogo ndo salama zaidi? Hapana aisee

Watu wengi wakitaka shoka la kwenda nalo kambi wanakimbilia kale kadogo, wakiamini mpini mfupi hauwezi kuwaumiza sana. Ni kinyume kabisa. Shoka la mpini wa sentimita 70 hivi ukikosa gogo mara nyingi linaishia ardhini mbele yako, ila la sentimita 30 au 35 ukikosa linarudi kwako, linamalizia kwenye goti au ugoko, na huko porini hospitali iko wapi. Kwa hiyo ukipasua kuni na kishoka piga magoti, kuni iweke juu ya gogo lingine, ndo ushushe.

Halafu kuna hawa wa tomahoki, kile kishoka cha wenyeji wa asili wa Marekani Kaskazini, wameiona kwenye muvi basi wanadhani ndo mfalme wa porini. Kichwa chake chepesi na chembamba, matawi kinakata fresh tu, ila ukipiga gogo kinazama kinanasa maana hakina unene wa kutanua mbao. Sifa yake ya kweli wengi hawaijui: ile ya asili mpini unaingizwa kwa juu kama wa sururu, ukivunjika unachonga mwingine kwa kisu na unaendelea bila hata kabari. Hapo naikubali. Sasa nyingi za kisasa zina mpini wa plastiki uliofungwa kwa bolti, hiyo faida imekufa, na nyuma wameweka mwiba badala ya bapa, vigingi vya hema utagongea nini?